Vimeng'enya vya Dukani: Uliza Kwanza Vinafanya Kazi Wapi

Rafu za maduka ya dawa ya Toronto hazikosi vidonge vya vimeng'enya: laktesi ya wanaosumbuliwa na maziwa, bromelaini ya nanasi, papaini ya papai, na vile vinavyodaiwa kuondoa uvimbe wa magoti. Kabla hujatoa pesa, jiulize jambo moja: hiki kinatakiwa kufanya kazi tumboni au kwenye damu?

Kama ni tumboni, hakihitaji kufyonzwa. Laktesi huvunja sukari ya maziwa humo humo utumboni, kisha nayo humeng'enywa kama protini nyingine. Imeze na funda la kwanza la chai ya maziwa. Ukingoja tumbo lianze kunguruma umechelewa. Kwa mtu ambaye kongosho yake imeshindwa kazi, vimeng'enya vya kongosho ni dawa ya kila mlo, na kipimo hupangwa na daktari. Chembe zilizo ndani ya kapsuli zimevikwa ganda la kuzikinga na asidi, kwa hiyo usizitafune wala kuzisaga. Wala usijiongezee: vipimo vikubwa mno vimewahi kuharibu utumbo mpana wa watoto.

Kama ni kwenye damu, hapo mashaka yaanze. Kimeng'enya ni protini, na tumbo halijui kubagua protini ya kidonge na ya maharage. Mji huu unalijua hilo vizuri. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifunga mirija ya kongosho za mbwa, Banting akiamini kuwa vimeng'enya vya kongosho yenyewe ndivyo vinavyoiharibu insulini. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa sindano ya kwanza ya insulini Toronto General Hospital. Sindano, si kidonge: insulini nayo ni protini, ikimezwa husagwa. Kweli, bromelaini imewahi kuonekana kwenye damu ya walioimeza, ila kwa kiasi kidogo mno, na kuonekana si kuponya. Serapeptesi, kimeng'enya kingine, ilitumika Japani kwa miaka mingi kama dawa ya uvimbe. Mwaka 2011 kampuni ya Takeda iliiondoa yake sokoni baada ya kushindwa kuthibitisha kwamba inazidi kidonge kisicho na dawa. Mimi pesa yangu nisingeitoa.

Wengi hawapati madhara zaidi ya kuharisha au tumbo kusokota. Lakini ukitumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au ukisubiri upasuaji, usiguse bromelaini wala kimeng'enya kiitwacho natokinesi kabla ya kumwuliza daktari. Papaini hutokana na utomvu wa papai bichi, kitu kile kile kinacholainisha nyama ya mishkaki. Mwenye mzio wa papai au wa glavu za mpira aiepuke.

Kwenye kopo tafuta herufi NPN na tarakimu nane. Ndiyo leseni ya Health Canada. Ingiza namba hiyo kwenye orodha yao mtandaoni usome kipimo na tahadhari zake. Leseni si hakikisho la kupona, maana hutolewa hata kwa msingi wa matumizi ya jadi. Kopo lisilo na namba hiyo, hata kama shangazi amelibeba kwenye begi kutoka Dubai, liache.

Ukiwa na shaka, mwendee mfamasia na kopo lenyewe mkononi, pamoja na dawa zako zote. Usiku ukikukuta, piga 811: nesi wa Ontario hupokea saa zote, bila malipo.