Hoja na Nyumba ya Mianzi

Katika nchi ya Rungwe nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mianzi. Mjenzi aliyetaka nyumba yake idumu aliangalia mambo mawili. Kwanza, je, nguzo ni nzima, au zimeliwa na mchwa? Pili, je, zimefungwa barabara na paa? Jambo moja likikosekana, paa huanguka.

Hoja nayo ni vivyo hivyo. Paa ni neno ambalo mtu ataka liaminiwe. Nguzo ni sababu anazozitoa. Kamba ni mfungamano wa sababu hizo na neno lenyewe.

Tazama kwanza hoja yenye kamba mbovu. Majirani wawili waligombana siku ya Jumatatu. Siku ya Alhamisi ng'ombe wa mmoja wao akafa. Mwenye ng'ombe asema, "Tuligombana, kisha ng'ombe wangu akafa, basi jirani yangu ndiye aliyemwua." Nguzo zote mbili ni za kweli: ugomvi ulikuwapo, na ng'ombe amekufa. Lakini kufuatana si kusababisha. Ni wangapi hugombana na ng'ombe wao wasife? Na ni ng'ombe wangapi hufa pasipo ugomvi wowote? Ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, huua ng'ombe wa mtu mpole na wa mtu mgomvi sawasawa.

Hoja ya pili ina nguzo mbovu. Hapo zamani Wanyakyusa walikuwa na desturi ya kumnywesha mshitakiwa wa uchawi dawa iitwayo mwafi. Aliyetapika alihesabiwa kuwa hana hatia. Asiyetapika alihesabiwa kuwa mchawi. Hoja yao ilikuwa hivi: "Asiyetapika mwafi ni mchawi. Mtu huyu hakutapika. Basi mtu huyu ni mchawi." Kamba yake imekazwa sana: kama maneno mawili ya kwanza yangekuwa kweli, la tatu lisingeweza kuwa uwongo. Ndiyo maana hata watu wenye akili waliikubali. Kosa limo katika nguzo ya kwanza. Kutapika ni habari ya tumbo na ya dawa; hakuonyeshi mtu alitenda nini. Na kwa ajili ya nguzo hiyo moja mtu aliweza kufukuzwa kijijini kwake. Utawala wa Kiingereza ulikataza desturi hiyo. Lakini amri huzuia mkono tu, haibomoi hoja. Hoja hubomolewa kwa kuchunguzwa.

Sasa tazama hoja iliyo imara. Wataalamu husema kwamba mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu miaka 4,000 hivi iliyopita. Hapana mtu aliyeandika habari hiyo. Basi wanajuaje? Katika udongo wa nchi hii mna tabaka la mawe mepesi yenye matundu, ambayo huweza kuelea majini. Mawe ya namna hiyo hufanyika pale tu mlima wenye moto unapolipuka. Tena tabaka hilo ni nene karibu na mlima Rungwe, na kadiri mtu aendavyo mbali huwa jembamba. Nguzo ni nzima, maana kila mtu aweza kwenda kuchimba na kupima. Na kamba imekazwa.

Basi neno likiletwa barazani, msikilizaji aulize: Je, sababu hizi ni za kweli? Zikiwa za kweli, je, neno hili lafuata? Na hoja aipendayo mwenyewe ndiyo aipime kwa ukali zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo impitayo pasipo kuulizwa.

MASWALI

1. Samaki wote huishi majini. Kiboko huishi majini. Basi kiboko ni samaki. Je, kilichoharibika ni nguzo au kamba?

2. Mzee mmoja wa Tukuyu alifanya tambiko la mvua mwezi wa Aprili, na kesho yake mvua ikanyesha. Kabla ya kusema kwamba tambiko limeleta mvua, yafaa kuuliza nini juu ya mvua za Tukuyu katika mwezi huo?

3. Tunga hoja yako yenye nguzo mbili, kisha mpe mwenzako aipime.