Mkoba wa kazi mtandaoni: njia ya kumwonyesha mwajiri unachoweza kufanya

Vijana wengi wanaomaliza mafunzo ya usanifu wa michoro hukutana na kikwazo kilekile. Tangazo la kazi linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili. Lakini kijana atapataje uzoefu ikiwa hakuna anayekubali kumwajiri kwanza? Cheti anacho, kompyuta anaijua, na barua za maombi ameandika nyingi. Majibu hayaji.

Zamani msanifu aliyetafuta kazi alibeba mkoba mkubwa wenye karatasi za kazi zake, akazitandaza juu ya meza ya mwajiri. Siku hizi mkoba huo unaweza kuwekwa kwenye intaneti, na mwajiri akaufungua kwa simu akiwa popote. Hauondoi uhaba wa ajira. Lakini humsaidia kijana asiye na uzoefu wa ofisini kuthibitisha kwamba ameshafanya kazi ya kweli.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuutengeneza. Mengi tumejifunza katika mafunzo ya jioni tunayoendesha kwa vijana hapa Tanzania, na mengine tumejifunza baada ya kukosea.

Tulichojifunza kutokana na bango moja

Mwanafunzi wetu mmoja aliombwa na zahanati ya jirani atengeneze bango la kuwahimiza akina mama kuwanyonyesha watoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Alitengeneza bango lenye maneno mengi, maandishi ya njano juu ya rangi ya kijani kibichi, na picha ya chupa iliyokatwa kwa mstari mwembamba. Lilibandikwa juu ya mlango wa muuguzi.

Wiki mbili baadaye alirudi, akakaa asubuhi nzima kliniki ya mama na mtoto. Aliona kwamba benchi la kusubiria limeupa mlango ule mgongo. Alipowauliza akina mama bango linasema nini, mmoja alijibu kwamba linafundisha kutumia chupa, kwa sababu mstari ule hakuuona. Wengine walisema maandishi ni madogo.

Binti huyo aliumia, lakini alianza upya. Alichora mama akinyonyesha, akaandika maneno machache kwa herufi kubwa nyeusi juu ya rangi nyeupe, na akaomba bango libandikwe ukutani mbele ya benchi. Safari hii aliowauliza walieleza ujumbe bila kusaidiwa.

Alipoanza kutafuta kazi, tulimshauri aweke mtandaoni kila kitu alichowahi kutengeneza. Aliweka kazi 32. Bango la pili lilikuwa katikati yake bila maelezo yoyote, na la kwanza aliliacha kwa aibu. Mwajiri mmoja alimwita kwenye usaili akamuuliza, "Katika hizi zote, zipi umezibuni mwenyewe?" Nyingi zilikuwa mazoezi ya darasani yaliyotokana na violezo tulivyompa sisi. Alishindwa kujibu vizuri, na kazi hakuipata.

Kosa lile lilikuwa letu kuliko lake. Tulikaa naye tukabakiza kazi 6 tu. Bango la zahanati liliwekwa la kwanza, yote mawili, lile lililoshindwa na lile lililofaulu, pamoja na maelezo ya kilichotokea. Katika usaili uliofuata alizungumzia karibu bango hilo peke yake. Alipewa mkataba wa miezi mitatu. Hatuwezi kudai kwamba ukurasa wake pekee ndio uliompa kazi. Lakini safari hii kila alichoulizwa alikuwa na jibu lake.

Tangu siku hiyo tunawafundisha vijana jambo moja kabla ya mengine yote: mwajiri hatafuti picha nzuri tu, anataka kuona namna unavyofikiri unapokabiliwa na tatizo.

Hatua ya 1: Chagua kazi chache

Kazi 5 hadi 8 zinatosha. Mtu anayeajiri ana maombi mengi mezani, na huenda asifike chini ya ukurasa. Weka iliyo bora mwanzoni. Kazi moja dhaifu hupunguza thamani ya zile nzuri, hivyo usiweke kitu kwa ajili ya kujaza nafasi.

Wengine watasema hawana kazi hata moja ya kweli. Tazama unapoishi:

- kadi za harusi na za michango;
- vibandiko vya bidhaa za wajasiriamali wadogo, kama asali, sabuni au unga wa lishe;
- nembo ya kikoba au jezi za timu ya mtaa;
- bango la bei za duka, mgahawa au saluni;
- tangazo la mkutano wa kijiji, shule, kanisa au msikiti.

Hizi ni kazi halisi. Zina mteja, zina tarehe ya mwisho, na mara nyingi zina bajeti ndogo. Mambo hayo matatu ndiyo mwajiri anayotaka kujua kama umeyazoea. Ukiwa huna mteja kabisa, chagua kitu kinachowasumbua watu, kwa mfano ubao wa nauli usiosomeka stendi, ukipange upya. Eleza wazi kwamba ni zoezi ulilojipa mwenyewe.

Hatua ya 2: Andika maelezo ya kila kazi

Picha bila maneno humwachia mwajiri kazi ya kubahatisha. Kwa kila kazi jibu maswali haya, sentensi moja au mbili kwa kila swali:

- Nani aliihitaji, na tatizo lilikuwa nini?
- Ililenga watu gani?
- Wewe ulifanya sehemu gani?
- Ulijaribu nini kikashindikana, na ulibadilisha nini?
- Ilitumikaje, na watu waliipokeaje?

Linganisha maelezo haya mawili. La kwanza: "Kibandiko cha asali. Nilitumia ubunifu wa hali ya juu na rangi za kuvutia." La pili: "Kikundi cha wafugaji nyuki kiliuza asali katika chupa zisizo na jina, na wateja walishindwa kuitofautisha na ya wengine. Walikuwa na uwezo wa kuchapa rangi moja tu. Nilitumia nyeusi juu ya karatasi ya kahawia, nikaacha nafasi ya kuandika tarehe kwa kalamu. Niliuchora mchoro wa nyuki mwenyewe."

La kwanza linaweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu kitu chochote. La pili linaonyesha mtu aliyesikiliza, akaheshimu bajeti ya mteja, akafanya uamuzi.

Weka pia picha za hatua za njiani: mchoro wa kwanza wa penseli, jaribio lililokataliwa, na picha ya kazi ikiwa mahali pake, ukutani au juu ya chupa.

Hatua ya 3: Sema ukweli na uombe ruhusa

Kama mlikuwa watatu, andika kwamba mlikuwa watatu na utaje sehemu yako. Kama ulitumia kiolezo, picha au fonti ya mtu mwingine, sema hivyo, na uhakikishe masharti yake yanakuruhusu. Fani hii ina watu wanaojuana, na anayesoma maelezo yako anaweza kuwa ndiye aliyechora picha uliyojipa.

Mteja aliyekulipa aulizwe kabla ya kuonyesha kazi yake hadharani. Ujumbe mfupi wa simu unaosema anakubali ni bora kuliko makubaliano ya mdomo. Uutunze.

Angalizo la pekee linahusu picha za watu. Mwanafunzi wetu alitaka kuweka picha ya akina mama waliokuwa benchini, na sura zao zilionekana. Tulimzuia, kwa kuwa hawakuulizwa, na kuonekana kliniki ni jambo la afya ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, mama yule anastahili kuamua mwenyewe. Binti huyo alipiga picha nyingine ya bango na benchi kabla watu hawajafika.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuweka

Usianze kwa kulipia. Behance, mtandao ulioanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na kampuni ya Adobe mwaka 2012, unamruhusu msanifu kufungua akaunti bure na kupanga kazi zake. Google Sites nayo inakuwezesha kujenga kurasa chache bila malipo na bila kujua lugha za kompyuta. Ukipata kipato unaweza kununua jina lako la tovuti, ila kumbuka kwamba hulipiwa kila mwaka, na usipolipa ukurasa hupotea.

Mitandao ya kijamii inafaa kwa kujitangaza, lakini isiwe mkoba wako pekee. Kazi ya mwezi uliopita huzama chini ya picha za jana, na mwajiri hukutana na sherehe na utani kabla ya kazi.

Kuhusu programu za kuchorea, asiye na fedha anaweza kutumia Inkscape kwa nembo na michoro, GIMP kwa picha, na Scribus kwa vijitabu. Zote ni za bure na halali. Kutumia programu ya wizi na kuitaja kwenye wasifu ni kujiharibia mwenyewe.

Hatua ya 5: Fanya ukurasa uwe mwepesi na usomeke

Fikiria mwajiri anayefungua ukurasa wako kwa simu, kwa bando lake mwenyewe. Picha 30 za MB 4 kila moja ni MB 120. Hatasubiri. Kazi 8 zenye picha 3 kila moja, zikipunguzwa hadi KB 200 kwa picha, hazifiki MB 5. Upana wa pikseli 1200 unatosha kwa picha nyingi. Tumia JPEG kwa picha za kamera, na PNG kwa nembo na michoro yenye rangi chache.

Maandishi yatofautiane vya kutosha na rangi iliyo nyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Njano juu ya kijani kibichi haikufaa zahanati, na haitafaa ukurasani.

Juu kabisa weka jina lako, sentensi moja ya kueleza unafanya nini na unapatikana mji gani, kisha barua pepe. Usiweke namba ya kitambulisho, anwani ya nyumbani wala picha za vyeti. Ukurasa huu unaonekana na kila mtu, wakiwemo matapeli.

Hatua ya 6: Mpe mtu mwingine aukague

Mpe watu wawili: mmoja anayejua fani na mwingine asiyeijua. Wafungue kwa simu zao wenyewe, nawe ukae kimya. Baada ya dakika moja waulize, "Mimi ninafanya kazi gani? Kazi ipi unaikumbuka?" Wakishindwa kujibu, usiwalaumu. Badilisha ukurasa, kama bango lile lilivyobadilishwa. Hakikisha pia mtu anayejua lugha anasahihisha tahajia, hasa kama umeandika kwa Kiswahili na Kiingereza.

Hatua ya 7: Utumie

Mkoba ukikaa tu hauleti kazi. Andika anwani yake juu ya wasifu wako, karibu na jina. Katika barua ya maombi taja kazi moja inayohusiana na ile unayoiomba, na ueleze kwa nini. Anayeomba kazi kiwanda cha uchapaji ataje kibandiko cha asali, na anayeomba katika shirika la afya ataje bango.

Chapa pia kurasa 3 au 4 za karatasi ya A4 za kubeba siku ya usaili. Umeme na mtandao hukatika.

Jihadhari na anayekutaka ulipie nafasi ya kazi, au anayekupa "jaribio" ambalo kwa kweli ni kazi nzima ya mteja wake bila malipo. Jaribio fupi ni la kawaida. Likichukua siku tatu, uliza litalipwa kiasi gani.

Kila baada ya miezi mitatu ufungue ukurasa wako, uondoe kazi iliyopitwa na uingize mpya. Mwanafunzi wetu amefanya hivyo. Kazi nyingi za wakati ule ameshaziondoa, lakini mabango mawili ya zahanati bado yapo, yamewekwa pamoja.

Maswali ya majadiliano

- Katika kazi ulizowahi kufanya, ipi ilishindwa mwanzoni? Ulijifunza nini, na unaweza kuieleza kwa sentensi tano?
- Ni biashara au vikundi gani katika eneo lenu vinavyohitaji msaada wa usanifu? Mtakubaliana vipi kuhusu malipo na ruhusa ya kuonyesha kazi?
- Je, kuna picha za watu katika kazi zako? Waliulizwa?
- Kama ninyi ni viongozi wa kikundi au chuo, mnawapa vijana kazi za kweli, au mazoezi ya violezo tu?