SOMO LA JUMA: KADI YA SALAMU KWA ALIYE MBALI

Someni Warumi 16. Paulo anasalimu watu kwa majina, mmoja mmoja. Vita vimetutawanya, nasi tusalimiane kwa majina.

1. Kunjeni karatasi ngumu katikati, mkikandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko.
2. Kateni umbo la njiwa katika ganda kavu la mgomba.
3. Korogeni unga wa muhogo katika maji baridi, chemsheni mpaka uwe uji mzito. Ukipoa ni gundi.
4. Bandikeni, mlalize chini ya kitabu kizito usiku mzima.

Ndani, mtoto aandike jina la anayesalimiwa, kisha majina ya wote mlio hai. Kwa aliye mbali, hiyo ni habari njema.

Swali: Ni nani hamjamsalimu tangu mlipokimbia?