Vigae vya Uchina Pwani

Zamani, kabla ya fedha ya Wajerumani, watu wa Bukoba na Muleba walinunua na kuuza kwa simbi. Simbi hazipatikani katika Ziwa Viktoria; ni makombe ya Bahari ya Hindi. Mzee aliyezihesabu huko Ihangiro pengine hakuiona bahari hata siku moja. Zilimfikia kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Neno hili lafaa kukumbukwa, maana lamwongoza pia mwanachuoni wa historia atafutapo habari za Wachina katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Katika magofu ya Kilwa na Gedi vimefukuliwa vigae vya vyombo vya kauri vilivyofanyizwa Uchina. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, vyombo vya namna hiyo vilipambwa katika nguzo za makaburi. Je, Wachina wenyewe ndio waliovileta? Vigae havisemi hivyo. Sahani yaweza kutoka Uchina mpaka Bara Hindi kwa merikebu moja, kisha ikafika Kilwa kwa jahazi la Waarabu au Wahindi, likisukumwa na upepo wa kaskazi.

Basi mwanachuoni hutafuta shahidi wa pili, yaani maandiko. J. J. L. Duyvendak, Mholanzi aliyejua Kichina, alivisoma vitabu vya Wachina, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya habari hizo. Maandiko yaeleza ya kuwa jemadari Zheng He aliongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, na merikebu zake zilifika mpaka Mogadishu na Barawa. Tena, mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa Uchina.

Shahidi wa tatu ni masimulizi. Kisiwani Pate wako watu wasemao kwamba babu zao walikuwa mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilivunjika. Mwanachuoni hayadharau maneno hayo, wala hayaandiki kuwa kweli mpaka apate ushahidi mwingine.

Kitu huonyesha kilikotoka, hakimtaji aliyekileta. Mwenye kutafuta kweli huwauliza mashahidi wote kabla ya kuhukumu.

MASWALI
1. Simbi zilifikaje Ihangiro?
2. Kwa nini kigae peke yake si ushahidi wa kutosha?
3. Taja mashahidi watatu wa mwanachuoni.