Ni Nani Avunjaye Njia ya Miguu?

Asubuhi moja baada ya mvua ya masika, msomaji, simama kando ya barabara kubwa jijini Dar es Salaam uwatazame waendao kwa miguu. Pale njia yao ilipotitia au kujaa maji, hawarudi nyumbani. Hushuka barabarani, wakatembea hatua kumi au ishirini huku wameyapa magari mgongo, kisha wakapanda tena. Mpanda baiskeli naye hufanya vivyo hivyo. Shimo lenyewe huenda lisimtegue mtu hata kifundo; hatari yake ni mahali linapompeleka. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hubeba nishati mara nne, wala si mara mbili, ya lile liendalo kilometa 30. Duniani kote, zaidi ya robo ya watu wanaouawa katika ajali za barabarani ni waendao kwa miguu na wapanda baiskeli.

Je, ni nani avunjaye njia hiyo? Wengi hudhani ni wingi wa miguu ipitayo. Sivyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani waliendesha malori juu ya barabara za majaribio huko Illinois, wakapima jinsi zilivyochakaa. Waligundua kwamba ekseli ikibebeshwa mzigo mara mbili, uharibifu huongezeka karibu mara 16. Jaribio hilo lilihusu magari mazito, hivyo kanuni yake si mizani ya dukani. Hata hivyo yatupa picha. Ekseli ya gari dogo hubeba mzigo unaofikia mara kumi ya ule wa gurudumu la baiskeli yenye mtu. Kumi ikizidishwa kwa yenyewe mara nne ni 10,000! Basi mwenye gari anayepanda juu ya njia ya miguu ili aegeshe “dakika moja tu” huiumiza kuliko umati wa wapanda baiskeli.

Mshirika wake ni maji. Chembe za udongo mkavu hushikana kwa msuguano. Maji yakijaa katika nafasi zilizo baina yake, mzigo ukija juu huyasukuma maji, nayo huzitenganisha chembe. Udongo uliokuwa imara huwa kama uji. Vitofali vya zege, ambavyo siku hizi hutandikwa mahali pengi, hulala juu ya mchanga. Maji yakipata upenyo huuchukua mchanga huo kidogo kidogo, na kitofali hubaki kikining’inia mpaka gurudumu likipinde. Kumwaga kifusi juu yake ni kufunika donda bila kulisafisha. Yapasa kuving’oa vitofali, kutafuta mchanga ulikokwenda, kuziba upenyo, kushindilia upya, ndipo kuvirudisha.

Kinga yake ni nyepesi kuliko tiba. Njia yenye upana wa meta 1.5 ikiinamishwa sentimeta 3 tu kuelekea mtaroni, maji hayatuami. Lakini mtaro uliojaa taka huyarudisha maji yale yale juu ya njia. Kwa hiyo azoaye mchanga mtaroni mwezi Septemba, kabla ya vuli, anatengeneza njia ya miguu ingawa hajaigusa.

Yafaa pia tuvitazame vifuniko vya mitaro. Kilichoibwa au kuvunjika huacha mtego usioonekana usiku, hasa kwa asiyeona na kwa mwenye kiti cha magurudumu. Kifuniko cha nondo nacho, mianya yake ikielekea kule iendako baiskeli, hulimeza gurudumu zima. Kikigeuzwa ili mianya ikate njia, gurudumu hupita juu yake salama. Kazi hiyo huhitaji watu wawili na mtaimbo.

Njia za miguu na baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, zimekwisha kupitiwa na masika mengi. Apitaye hapo atazame kwanza kingo na mitaro, kisha ndipo atazame vitofali.