Majaribio kila Ijumaa, na wa mkiani ni wale wale

*Mimi ni mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tano, katika shule moja ya msingi mkoani Geita. Nina wanafunzi 94 kwenye chumba kimoja. Mwalimu mkuu ameagiza kila Ijumaa tutoe jaribio la maswali 20, na Jumatatu matokeo yabandikwe nje ya ofisi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nasahihisha mpaka usiku wa Jumapili. Tangu muhula uanze, walio juu ni wale wale na walio mkiani ni wale wale. Siku hizi wapo wanaokwepa shule Ijumaa. Mwalimu wa taaluma ananishauri nitoe majaribio mawili kwa wiki. Je, yatasaidia? Au mimi ndiye sijui kufundisha?*

*Mwalimu niliyechoka, Geita*

Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwalimu asiyejua kazi yake, au asiyeijali, hahangaiki kujua kwa nini wa mkiani hawasogei. Wewe umehangaika hadi ukaandika barua. Shida iko kwenye kinachofuata baada ya kusahihisha, na kwa jinsi ulivyoeleza, hakifuati kitu. Alama zinabandikwa, halafu Jumatatu hiyo hiyo unaingia darasani na mada mpya kwa sababu azimio la kazi linakukimbiza.

Jaribio la pili kwa wiki halitasaidia. Wanafunzi 94 kwa maswali 20 ni majibu 1,880 unayopitia kila mwisho wa wiki. Ukiongeza jaribio jingine yatakuwa 3,760, na bado hutajua mtoto amekwama wapi. Alama 7 kati ya 20 inakueleza kwamba amekosa maswali 13, basi.

Chukua swali moja tu la sehemu: 1/2 + 1/3. Kusanya madaftari ya waliokosa uyatazame polepole. Utamkuta aliyeandika 2/5. Huyu amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama anavyojumlisha namba nzima. Utamkuta mwingine kaandika 2/6. Huyu ameshajua kwamba asili ziwe sawa na 6 kaipata mwenyewe, ila kasahau kubadili kiasi. Wa tatu kaandika 5/12: amefanya kila kitu vizuri, 3/6 na 2/6, kisha mwishoni akajumlisha na asili. Wote watatu umewapa mkasi mwekundu na sifuri. Lakini wa tatu anahitaji maneno mawili tu kutoka kwako, wa pili anahitaji mfano mmoja ubaoni, na wa kwanza hajaelewa bado sehemu ni nini.

Huyo wa kwanza usimrudishie kanuni, maana kanuni ulishampa. Mwambie ajumlishe 1/2 na 1/2 kwa njia yake ile ile. Atapata 2/4, yaani nusu. Muulize: nusu chapati ukiongezewa nusu chapati nyingine, unabaki na nusu? Mwache afikiri, usimkimbilie na jibu. Hapo ndipo somo linapoanza kwake, na hilo swali usingelijua bila kuona ile 2/5 aliyoandika.

Kwa hiyo nakushauri upunguze maswali na uongeze kutazama. Maswali matano yaliyochaguliwa vizuri yanatosha. Ukipata majibu, usianze na kujumlisha alama. Panga karatasi kwa mafungu kulingana na kosa: wa 2/5 huku, wa 2/6 kule, wa 5/12 pale, na waliopata kando. Kwa darasa la 94 kazi hii ni nyepesi kuliko unayoifanya sasa, kwa sababu makosa ya watoto hayako 94. Mara nyingi ni matatu au manne yanayojirudia. Yaandike kwenye daftari lako pamoja na idadi ya walioyafanya. Kisha kipindi cha kwanza cha Jumatatu kiwe cha makosa hayo. Kama wengi wameanguka kwenye fungu moja, fundisha darasa zima upya kwa njia nyingine. Kama ni wachache, waliopata wape maswali magumu zaidi, nawe ukae na hao wachache. Andalio la somo la Jumatatu, basi, liandikwe baada ya kuona karatasi za Ijumaa.

Kuhusu kubandika nafasi, hapa sitauma maneno: kunawaumiza watoto na hakuwafundishi. Mtoto anayesoma jina lake kwenye nafasi ya 91 mbele ya wenzake hajifunzi kujumlisha sehemu. Anajifunza kukwepa Ijumaa, kama ulivyoona mwenyewe. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israel. Baadhi ya wanafunzi walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, wengine maoni tu yanayoeleza kipi kizuri na kipi cha kurekebisha, na wengine alama pamoja na maoni. Waliosonga mbele ni waliopewa maoni peke yake. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika hivyo. Kwa hiyo hata ukiandika neno zuri kando ya 7/20, jicho la mtoto litaishia kwenye ile 7.

Najua huwezi kuwaandikia watoto 94 maoni kila wiki. Andika kwa fungu moja tu kila mara, mstari mmoja: "Asili umezipata sawa, sasa badilisha na kiasi." Wengine waambie kwa mdomo ukipita kati ya madawati.

Usije ukaelewa kwamba nakuambia uache kuwauliza watoto maswali. Waulize mara nyingi zaidi, ila bila alama. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma habari kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama, baada ya wiki moja waliikumbuka zaidi kuliko walioirudia kuisoma. Kule kuvuta kitu kutoka kichwani ni kujifunza kwenyewe. Anza kila kipindi na maswali matatu ya wiki iliyopita, wajibu kwenye daftari, wasahihishane na jirani. Dakika kumi zinatosha, na kalamu yako nyekundu inapumzika.

Sasa mwalimu mkuu. Usigombane naye. Shule yake inatazamwa kwa upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa Darasa la Saba, na hofu yake ni ya kweli. Lakini nchi yetu ililitafakari jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alikosoa mitihani iliyopima kukariri bila kupima uwezo wa kufikiri, na Azimio la Musoma la 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Mwendee mkuu na daftari lako la makosa. Mwonyeshe: Ijumaa hii watoto wangapi waliandika 2/5, na baada ya kurudia Jumatatu wamebaki wangapi. Mwombe akuruhusu kwa muhula mmoja, kwa darasa lako tu, maswali yawe matano na orodha ya nafasi isibandikwe nje. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anaendeleaje, mwonyeshe daftari la mtoto.

Akikataa, toa maswali yake 20, lakini matano kati ya hayo yatunge wewe, na hayo ndiyo uyapange kwa mafungu. Jumapili jioni funga madaftari mapema ulale, Mwalimu. Watoto 94 wanakuhitaji ukiwa na nguvu Jumatatu asubuhi.