Mafunzo Niliyopata kwa Prado ya Dizeli, Kati ya Tanga na Lushoto

Anayenunua Prado ya zamani, ile ya injini ya 1KZ-TE na gia za otomatiki, anataka gari la kumfikisha Pangani wakati wa masika na Lushoto wakati wowote. Linaweza. Ila gia zikianza kusumbua kwenye mwendo mdogo, usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kuangalia haya.

1. Anza na maji ya injini

Langu lilikuwa haliingii gia ya nne. Naondoka Ngamiani, nakaribia Muheza, bado linaunguruma kwenye gia ya tatu. Kila niliyemwuliza aliniambia giaboksi imekwisha. Fundi mmoja mtu mzima aliliwasha likiwa baridi, akashika mpira wa juu wa rejeta, akaukuta unapata uvuguvugu mapema mno. "Hili halina thamostati, bwana." Kweli, ilitolewa kabla sijalinunua. Injini hii inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka, ndiyo maana wengi huondoa thamostati wakiamini wanainusuru injini. Lakini bila thamostati maji huchelewa kupata joto, na kompyuta ya gia huizuia gia ya nne mpaka maji yapate joto lake. Tuliweka thamostati mpya, na gia ya nne ikaingia kabla ya Pongwe. Sikutarajia kabisa: ugonjwa uko kwenye gia, dawa iko kwenye maji.

2. Ifahamu kebo

Kuna kebo nyembamba inayovutwa kila unapokanyaga mafuta, ikiongeza msukumo wa oili ndani ya giaboksi. Ikikazwa mno, gia huingia kwa kishindo hata ukitembea polepole kama uko sokoni. Ikilegea, gia huingia laini, abiria wakakusifu, kumbe klachi za ndani zinateleza na kuungua. Mimi naogopa ulaini huo kuliko kishindo.

3. Mlimani, chagua gia mwenyewe

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona na mwinuko. Ukiacha mkono kwenye D, gia hupanda ya tatu, nguvu hupungua, hurudi ya pili, kisha hupanda tena. Weka 2. Nguvu ya kuvuta ya injini hii iko karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika. Chini ya hapo, kwenye gia kubwa, oili huzunguka ndani ya konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, na kuchemka bure. Wakati wa kushuka Soni pia, 2, ili breki zisichemke.

4. Soma oili kabla ya kulipa

Pima ikiwa ya moto, gari likiwa tambarare, injini inawaka, mkono uko P. Ikiwa nyekundu na safi, endelea na mazungumzo ya bei. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimekwisha kuungua. Hapo punguza bei kwa gharama ya giaboksi nzima, au mwachie mwenyewe gari lake.